Hatari ya Turubai Inakaa Jimbo Gani?

Nchi ninayotaka kuwasimulia si yetu. Nalisema hili mapema, na kwa sauti, ili kama kuna mtu amekaa pembeni anasikiliza kwa niaba ya mtu mwingine, aandike hivyo: si yetu. Yetu haina mambo haya. Nchi hiyo iko mbali. Unavuka maji, unavuka milima, halafu unauliza. Jina lake silitaji kwa sababu halipo. Lilikuwapo, lakini lilichukuliwa likapelekwa makao makuu kwa uhakiki, na mpaka leo wananchi wanaambiwa faili liko mezani.

Nchi hiyo ilikuwa na majimbo mawili ya maana, Mlimani na Bondeni. Mengine yalikuwepo, ila hayakuwa na magari ya serikali, kwa hiyo hayahesabiwi. Kati ya Mlimani na Bondeni palipita mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa mfereji wa maji machafu ambao kuku waliuvuka kila siku bila hati. Kila jimbo lilikuwa na gavana wake. Wa Mlimani alikuwa Mheshimiwa Profesa Chambuso, mwembamba, mwenye kukohoa kabla ya kila sentensi ili watu wajiandae. Wa Bondeni alikuwa Mheshimiwa Mwinyikondo, mnene, mtu wa jasho jingi na ahadi nyingi, na vyote viwili vilimtoka bila kusukumwa.

Kando ya mfereji huo waliishi wajane wawili wa mume mmoja. Mkubwa aliitwa Bi Siwatu, mdogo Bi Mboja. Marehemu aliwaachia vitu viwili: turubai kubwa la mistari ya buluu na nyeupe, pamoja na viti na masufuria yake, na kutoaminiana. Turubai walilitunza vizuri. Kutoaminiana walikutunza vizuri zaidi.

Kazi yao ilikuwa kukodisha. Harusi, wanaitwa. Msiba, wanaitwa. Siku ya harusi Bi Siwatu alifunga kamba za upande wa kulia, Bi Mboja akafunga za kushoto. Kisha, kabla mgeni yeyote hajaruhusiwa kukaa, kila mmoja alikwenda upande wa mwenzake akakagua fundo moja moja, akivuta, akigonga mambo, vile vigingi vya kufungia kamba, kwa kisigino, akiguna.

"Unakagua nini? Mimi nimeanza kufunga kamba wewe hujaolewa," Bi Siwatu alizoea kusema.

"Ndiyo maana nakagua," Bi Mboja alijibu. "Mikono imezeeka."

Waliendesha kazi hivyo miaka na miaka, na turubai halikuwahi kumwangukia mtu. Bima walikata kwa sababu sheria iliwalazimisha, wakawa wanalipa kwa Kampuni ya Bima ya Usijali, ambayo wakala wake, Bwana Hemedi, alikuwa kijana mwenye tai na sauti laini kama ya mtu anayeuza dawa ya mba.

*

Sasa mji mkuu ukatoa sheria. Juu ya ada ya bima kulikuwa na kodi ya mauzo, na zamani kodi hiyo ilikwenda moja kwa moja mji mkuu, ikapotelea huko kwa heshima. Majimbo yakalalamika: mbona mnapotea nayo peke yenu? Basi sheria mpya ikasema hivi: kodi ya bima ya biashara iende jimbo ambako hatari inakaa. Kama biashara ina hatari majimbo mengi, kila jimbo lipate kipande chake kwa kadiri ya hatari iliyomo.

Ukiisoma haraka inaonekana ina akili. Watu wa nchi hiyo waliisoma haraka.

Mtu wa kwanza kubisha hodi alikuwa Bwana Tambwe, Mkadiriaji Mkuu wa Hatari wa Jimbo la Mlimani. Alikuja na futi ya fundi cherehani shingoni na mwavuli ingawa mvua haikuwepo.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," akaitikia Bi Mboja bila kuinuka. "Kama umekuja kukodi, kaa. Kama umekuja kukopa, hatupo."

"Nimekuja kuonyeshwa hatari yenu."

Bi Mboja akamwangalia Bi Siwatu. Bi Siwatu akamwangalia Bi Mboja. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyemwita.

"Hatari gani, baba?" akauliza Bi Siwatu.

"Hiyo mnayoikatia bima."

"Hatujawahi kuiona. Ndiyo maana tukaikatia bima."

Bwana Tambwe akatabasamu kama mwalimu aliyezoea wajinga. Akavuta kiti kimoja, akakipindua, akakipima miguu.

"Hiki kinatarajia kuvunjikia wapi?"

"Hakijasema," akajibu Bi Siwatu.

"Inategemea nani atakikalia," akasema Bi Mboja. "Akikalia yule shangazi yake bwana harusi wa juzi, kitavunjika hata sahani hajapewa."

Macho ya mkadiriaji yakang'aa. "Shangazi huyo anakaa jimbo gani?"

"Bondeni."

Yakazima. "Hana ndugu Mlimani wa kumtembelea?"

"Ana dada yake huko juu. Wamegombana."

"Wapatanishwe," akasema Bwana Tambwe, na akaandika. "Akija kusuluhishwa, hatari inakaa kwetu."

Alipoondoka, akaja Bwana Kapungu wa Bondeni, mkadiriaji mwenzake, mtu mwenye kunong'ona hata anapoomba maji ya kunywa. Yeye hakupima viti. Alilala chini ya turubai, akatazama juu, akasema anahisi hatari nyingi sana ikimjia kutoka upande wa Bondeni. Na yule shangazi wa viti akadai ni wa Bondeni: ni mzaliwa wa huko, hatari yake ni ya asili.

Mwisho wa ukadiriaji, Mlimani ikasema sehemu saba katika kumi za hatari ya turubai ni zake. Bondeni ikasema nane katika kumi ni zake. Mimi shule yangu iliishia darasani kwenye ubao uliopasuka, lakini nilifundishwa kwamba andazi ukiligawa, vipande havizidi andazi. Wajane nao walifundishwa hivyo hivyo. Wakaenda kulalamika mji mkuu, wakaambiwa kwa adabu kabisa walipe kwanza, andazi litafanyiwa marekebisho.

*

Hapo ndipo magavana walipozinduka. Kumbe kodi inafuata hatari! Kumbe jimbo lenye hatari nyingi linakula sana! Nani tena atake kuwa salama?

Profesa Chambuso akaitisha mkutano uwanjani. Akakohoa.

"Ndugu wananchi! Tulipoingia madarakani, barabara za jimbo hili zilikuwa na vishimo vya aibu, vishimo ambavyo hata mbuzi alivuka akicheka. Leo, kwa juhudi za serikali yenu sikivu, tuna mashimo ambayo mtu mzima anaingia na baiskeli yake, na kabla ya kuingia anaaga nyumbani!"

Makofi.

"Wezi wetu walikuwa wa kuku. Wezi wa kuku, ndugu zangu, katika karne hii! Leo tuna wezi waliosomea!"

Makofi zaidi, hasa kutoka jukwaa la wageni waalikwa.

Bondeni hawakukaa kimya. Mheshimiwa Mwinyikondo akauza gari la zimamoto, mpira wake akaupeleka kumwagilia bustani ya Ikulu Ndogo. Akaagiza mamba wawili kutoka nje, akawatia pale kina mama wanapofulia, na akakata utepe. Akajifuta jasho, akainua ngumi.

"Bondeni si salama!" akanguruma. "Na haitakuwa salama, maadamu mimi nipo!"

Mzee mmoja wa Mlimani aliokota ganda la ndizi njiani akalitupa jalalani, wala hakuwaza neno. Alikamatwa kwa kuhujumu mapato ya jimbo. Baada ya hapo watu wakaanza kuogopana. Ukimsaidia mtu kuvuka barabara, anakutazama usoni: huyu kanivusha kwa wema, au kanipeleka kwenye shimo la serikali? Jirani akikuletea bakuli la futari, unampa paka kwanza. Paka wa nchi hiyo walinenepa mno kipindi hicho, na wao pia wakaanza kutazamana.

*

Ikaja harusi ya binti wa Mzee Chande, fundi saa. Uwanja wake ulikatwa katikati na ule mfereji, kwa hiyo turubai likasimikwa juu ya mpaka, nusu Mlimani, nusu Bondeni. Bi Siwatu akafunga upande wa Mlimani. Bi Mboja akafunga upande wa Bondeni. Wakabadilishana pande, wakakagua, wakaguna, wakaridhika bila kukiri. Masufuria ya pilau yakapangwa kwenye mafiga pale nyuma, moto ukawashwa, kitunguu kikaanza kunukia majimbo mawili.

Wageni wawili walikuja bila kualikwa. Bwana Tambwe alikaa upande wa Mlimani. Bwana Kapungu alikaa upande wa Bondeni. Kila mmoja alimpungia mwenzake mkono kwa furaha ya mtu aliyemwona nyoka.

Mimi simsingizii mtu. Nasema tu yaliyoonekana. Bwana Tambwe alionekana ameinama kwa muda mrefu karibu na mambo za upande wake. Mtu alipomuuliza vipi, akasema anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala. Na Bwana Kapungu, yeye alinong'ona kwamba anakwenda haja ndogo nyuma ya turubai, upande wake, akarudi magoti yana mchanga. Sijui watu wa ofisi hiyo wanakwendaje haja. Pengine ni utaratibu wao.

Hatari kidogo tu upande wangu, huenda kila mmoja alijisemea, kikamba kimoja kilegee, kipande chetu kiongezeke kidogo. Tatizo ni kwamba kila mmoja alijisemea hivyo hivyo siku hiyo hiyo.

Ulikuja upepo wa kawaida, ule wa kupeperusha leso. Turubai likainuka, likasita kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, kisha likalala chini, na mkia wake ukaangukia mafiga.

Watu walitoka wote wazima, tushukuru. Bibi harusi aliruka mfereji na gauni lake lote, akatua Bondeni. Pilau ndiyo iliyokufa. Na turubai la buluu na nyeupe liliwaka mpaka likabaki vishikizo vya chuma, na wajane wawili wamesimama kila mmoja jimbo lake, wanatazamana kupitia moshi.

"Umefunga nini wewe?" akapiga kelele Bi Mboja.

"Wewe je, umefunga nini?" akajibu Bi Siwatu.

Na wote wawili wakalia, kila mmoja akiwa amempa mwenzake mgongo ili asionekane.

*

Walilobaki nalo ni turubai dogo la viraka, la kufunika watu wa hitima ndogo. Na mwezi wa harusi ulikuwa unakuja, mwezi ambao ndio unaolisha miezi mingine. Bila turubai kubwa, watauza masufuria. Wakiuza masufuria, watauza viti. Halafu watauza nini, na watakaa wapi kuuza? Wakavaa vizuri, wakaenda kwa Bwana Hemedi kudai fidia.

"Poleni sana mama zangu," akasema Bwana Hemedi, mkono kifuani. "Usijali inalia pamoja nanyi. Tutalipa. Ila kuna kifungu."

"Nilijua," akasema Bi Mboja.

"Sheria inasema nusu ya fidia inalipwa na kampuni, nusu inalipwa na jimbo lenye hatari, kutoka katika kodi lililokusanya. Kwa hiyo nileteeni tu jimbo lolote likiri kwamba hatari ni yake, nami nalipa siku hiyo hiyo."

"Kazi ndogo," akasema Bi Siwatu. "Wamekuwa wakiigombania kama nyama ya kichwa."

Lakini magavana nao walikuwa wamekisoma kile kifungu, safari hii polepole.

Asubuhi yake nchi iliamka salama. Mashimo ya Mlimani yalikuwa yamefunikwa mikeka. Wale wezi waliosomea walipelekwa masomoni zaidi. Bondeni, mamba wakavishwa utepe shingoni, wakaitwa wanyama wa mapambo. Mtu aliyejikwaa akashtakiwa kwa kuikashifu barabara. Profesa Chambuso akakohoa redioni akasema jimbo lake ni salama kama kitanda cha mtoto mchanga, na kwamba hata kuni za huko haziwaki bila kubembelezwa.

Wajane wakapanda ofisi ya Mlimani.

"Moto ule?" akashangaa karani. "Moto ule ulikuwa wa Bondeni. Moshi si ulielekea huko? Kila kitu hurudi kwao."

Wakashuka ofisi ya Bondeni.

"Moto uliwakia Mlimani," akasema karani wa huko. "Kwetu ulipita tu, na ulipita bila kibali. Tunafikiria kuushtaki."

"Lakini kodi mlichukua!" akasema Bi Siwatu. "Nane katika kumi!"

"Mama, tulichukua kodi ya hatari. Huu ni moto. Ni idara nyingine."

*

Hapo ndipo wakubwa walipogundua njia nzuri kuliko zote. Kama moto ulitokana na uzembe wa wenye turubai, hakuna hatari ya jimbo, hakuna wa kulipa, kila mtu anarudi kwenye chai yake. Ilibaki tu mjane mmoja amseme mwenzake.

Bwana Tambwe akamvizia Bi Siwatu kisimani.

"Mama, wewe mtu mzima. Unateseka kwa makosa ya yule mdogo. Sema tu mbele ya Tume itakayokuja kuchunguza moto kwamba kamba zake zililegea. Jimbo litakufikiria. Kuna turubai pale ghala la serikali, jipya, halina mwenyewe."

"Na yeye Mboja?"

"Kwani unampenda?"

Bi Siwatu akafikiri. "Hapana," akasema kweli.

Wakati huo huo Bwana Kapungu alikuwa ukumbini kwa Bi Mboja, ananong'ona karibu na sikio lake mpaka hereni ikatikisika. Bi mkubwa mikono imezeeka, sivyo? Watu wanajua. Sema tu. Turubai lile lile la ghala, na yeye aliahidi lile lile.

Jioni wajane walikula pamoja kama kawaida, sahani moja, maana marehemu aliwazoesha hivyo.

"Leo umechelewa kisimani," akasema Bi Mboja.

"Foleni. Na wewe ulikuwa na mgeni? Nimeona ndoo ya maji imehamishwa."

"Paka."

"Paka mwenye harufu ya manukato."

"Siku hizi paka wamenenepa."

Wakaendelea kula, kila mmoja akitazama tonge la mwenzake linakoelekea.

*

Tume ya Pamoja ikaja kukaa pale pale uwanjani kwa Mzee Chande, juu ya majivu, adhuhuri. Magavana wote wawili walikuwepo na suti nzito, maana wapiga picha waliitwa. Mwenyekiti alikuwa jaji kutoka mji mkuu, na alitangaza kwamba hatalala kabla haki haijapatikana, kisha akauliza chakula cha mchana ni saa ngapi. Jua la siku hiyo lilikuwa lile la kukaanga dagaa.

"Nani alifunga kamba za upande wa Mlimani?" akauliza jaji.

"Mimi," akasema Bi Siwatu.

"Na kuna mtu anayeweza kusema zilifungwaje?"

Bwana Kapungu akamkonyeza Bi Mboja. Bi Mboja akasimama, akajitanda mtandio.

"Mimi hapa. Mimi nazijua, maana huyu mama simwamini. Tangu nimeolewa sijamwamini hata siku moja. Kwa hiyo nilikwenda kuzikagua fundo moja moja nikitafuta kosa. Nilitamani nilione, mheshimiwa. Ningefurahi mwaka mzima. Sikuliona. Zilikaza mpaka kucha yangu ikakatika."

Watu wakaguna. Bwana Kapungu akaacha kukonyeza, jicho likabaki limefumba.

"Na upande wa Bondeni?"

"Alifunga huyu," akasema Bi Siwatu, "na mimi nilikagua. Huyu ni mvivu wa kuosha vyombo, ana mdomo, na alimkondesha marehemu. Lakini kamba zake, ng'ombe anafungwa. Nilipiga mambo kwa kisigino mpaka leo nachechemea."

Jaji akaandika. "Sasa kama zilikaza pande zote mbili, zililegezwa na nani?"

Bwana Tambwe akatazama mbinguni. Bwana Kapungu akatazama ardhini. Kati yao walitazama kila mahali isipokuwa usoni pa mtu.

"Swali hilo," Profesa Chambuso akakohoa, "linahitaji utulivu. Tukae tulitafakari. Mbona hatuna kivuli? Mnataka tulitafakari juani kama nguo?"

Jasho la Mheshimiwa Mwinyikondo lilikuwa limeshafika kwenye viatu. "Kivuli!" akasema. "Hao wanawake si wana turubai dogo? Leteni!"

Turubai dogo likaletwa, likatandikwa chini pale pale juu ya mfereji. Bi Siwatu akashika kamba. Halafu akasita.

"Mheshimiwa jaji, naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Sheria. Turubai la kukodi halisimikwi mpaka lina bima, na bima haikatwi mpaka ijulikane hatari inakaa jimbo gani. Tusije tukavunja sheria mbele ya waheshimiwa."

"Hapa hakuna hatari!" akasema Profesa.

"Hakuna kabisa!" akasema Mwinyikondo.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mboja. "Basi turubai tunalikunja. Kukodisha bila bima ni kifungo, na bima ya mahali pasipo na hatari haipo. Au ipo, Bwana Hemedi?"

"Haipo," akasema Bwana Hemedi kwa masikitiko.

Wakaanza kulikunja. Walilikunja polepole, kama watu wanaokunja nguo za marehemu, wakilinganisha pembe, wakifuta vumbi. Jua likashuka dhiraa moja zaidi kuja kusikiliza. Mpiga picha mmoja akaanguka. Jaji akajifunika gazeti. Suti ya Mwinyikondo ikabadilika rangi kuanzia kwapani, na kutoka kwapani ikaenea nchi nzima.

"Kwani," akauliza Mwinyikondo kwa sauti nyembamba, "ikiwa kidogo tu? Kahatari kadogo?"

"Kadogo kanatosha, baba," akasema Bi Siwatu. "Ila ni ile ile ya turubai lililoungua hapa hapa, mahali hapa hapa. Sijui kama hatari huwa inahama ikarudi. Nyinyi ndio mmesoma."

"Ni yangu!" akalipuka Mwinyikondo. "Andika! Hatari ya hapa ni ya Bondeni, ilikuwa ya Bondeni tangu zamani! Simika!"

Bi Mboja akainua mlingoti wa upande wa Bondeni. Kivuli kikaanguka juu ya gavana mnene, naye akafumba macho kama mtu aliyesamehewa. Upande wa Mlimani turubai lilibaki chini.

Profesa Chambuso akatazama kivuli kile. Akawatazama wapiga picha, nao walikuwa wameshaingia Bondeni wote pamoja na jaji. Akabaki peke yake jimboni kwake, na kile kikohozi hakikutoka tena, koo lilishakauka.

"Nusu," akasema. "Nusu ya hatari ni ya Mlimani. Hatutakubali kudhulumiwa hatari yetu."

"Mmesikia wote?" Bi Siwatu akauliza umati.

"Tumesikia!"

"Jaji umeandika?"

"Nimeandika," ikajibu sauti kutoka chini ya gazeti.

Mlingoti wa pili ukainuka.

*

Usijali ililipa. Majimbo yalilipa, kwa kelele, na kesho yake yakatangaza mashimo tena. Wakadiriaji wawili walipandishwa vyeo, maana walionekana wana uzoefu wa hatari kuliko wengine. Lile turubai la ghala la serikali halikuonekana, na sina hakika kama liliwahi kuwepo. Wajane walinunua lao, la kijani, zito, linanuka upya mpaka mtaa wa tatu.

Siku lilipofika, walikaa barazani wakilitazama, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuligusa.

"Walikufuata," akasema Bi Mboja hatimaye. "Usinifanye mtoto. Yule wa ndala alikufuata kisimani, akakupa maneno."

"Na wa kunong'ona alikuja hapa. Paka gani anakunywa chai?"

Bi Mboja akamgeukia.

"Kumbe hukunisema," akasema Bi Mboja.

Bi Siwatu akavuta upindo wa turubai jipya, akaunusa, akauachia.

"Nilitaka," akasema. "Wewe ndiye uliyetangulia kusimama."